Kitambulisho cha Kavata Hakikupotea

Wachungaji na wazee wa kanisa, chifu wetu uliyeketi mstari wa mbele, majirani wa Mwingi, ndugu mliotoka Nuu kabla ya mapambazuko na nyinyi mliokuja kutoka Malili, familia inawashukuru kwa kuacha kazi zenu Jumamosi hii, tarehe 5 Septemba 1992, na inaomba subira yenu, kwa maana historia ya marehemu Rahel Kavata Muli ilipoandikwa mara ya kwanza ilitosha ukurasa mmoja, wazee wakaisoma wakaona ni nzuri, lakini binti yake wa mwisho, Ndinda, ambaye ndiye amesimama mbele yenu na karatasi hizi, alisema ukurasa ule umeacha jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililomuua.

Kavata alizaliwa Nuu mwaka wa 1935, mtoto wa nne wa Musembi na Kalondu, wakulima, na siku yake haijulikani, kwani baba yake alikumbuka tu kwamba mbaazi zilikuwa zimeanza kuchanua, na mama yake akakumbuka kwamba mbuzi mweusi alizaa pacha wiki hiyo, basi mwaka wa 1980, wanawake walipoanza kupewa vitambulisho, karani alimuuliza mara mbili, akachoka, akaandika tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia nusu ya akina mama waliokuwa kwenye foleni, akawatania, "Nyinyi wote siku moja? Mama zenu walikubaliana?" Kila mtu akacheka, Kavata naye akacheka, akapakwa wino vidoleni, akapewa kadi yake, akaiweka ndani ya Biblia, na kwa mwanamke aliyekuwa mjane wa mwaka mmoja, aliyejulikana kila afisi kama mke wa fulani, kadi ile yenye jina lake na sura yake haikuwa kitu kidogo. Tarehe hiyo ya kubuni tunaomba muiweke akilini, itahitajika.

Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1944 akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani, kwa sababu baba yake alitaka kwanza achunge, akasoma hadi darasa la sita, na mwandiko wake ule wa mviringo wengi wenu mnaujua, uko kwenye kadi za kliniki za watoto wenu. Januari 1955 alichukuliwa kusomea ukunga katika hospitali ya misheni upande wa Makueni, akatembea sehemu kubwa ya safari hiyo na sanduku la mbao kichwani, akahitimu Desemba 1956, na tarehe 1 Machi 1957 akaajiriwa katika zahanati hapa Mwingi, ambako alifanya kazi miaka thelathini na miwili na miezi kumi, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1989, akiwa amepokea kwa mikono yake watoto elfu tatu na mia sita na kitu, ambao wengine wao wako hapa leo, wamesimama juani kwa sababu viti havikutosha.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1961 na Muli, nyapara wa barabara kutoka Makueni, aliyeletwa zahanati na vijana wake baada ya jiwe kumwangukia mguuni, na ambaye alirudi kufungwa bandeji mara tatu zaidi baada ya mguu kupona, mpaka Kavata akamwambia, "Muli, sema unachotaka, au uache kunimalizia bandeji za serikali," naye Muli akasema. Walijenga hapa, ukingoni mwa mji, wakapata watoto watatu, Mbinya mwaka wa 1963, ambaye ameolewa Malili, Kivuva mwaka wa 1965, ambaye ni dereva wa lori, na Ndinda mwaka wa 1969. Muli alifariki Machi 1979, lori la kokoto lilipopinduka kwenye barabara ya Garissa, barabara aliyoilima mwenyewe.

Sasa tunafika Jumatatu, tarehe 14 Aprili 1969, siku ambayo ukurasa ule wa kwanza uliipita kwa maneno matatu, "akamzaa Ndinda nyumbani", na hata hayo matatu yalikuwa makosa. Siku hiyo Kavata alikuwa peke yake zamu ya zahanati, tumbo likiwa limemtangulia, alipofika Duale, mfanyabiashara wa mifugo, na lori lake likiwa na mbuzi nyuma na mkewe Deqa mbele, uchungu umemshika njiani. Saa nne na dakika ishirini asubuhi Deqa alijifungua msichana, Ebla, na Kavata akamkata kitovu, akamfunika, akaenda mezani kuandika, namba 41 ya mwaka huo, na alipokuwa akikausha wino maji yake mwenyewe yakamwagika sakafuni. Hapakuwa na mwingine. Deqa aliinuka kutoka kitanda kile kile, akamwambia, "Sasa wewe lala, mimi nasimama," na mkunga akawa ndiye mgonjwa, akilia na kufundisha kwa pamoja, "Shika kichwa, usivute, nimesema usivute!" naye Deqa akimjibu, "Walaal, dada yangu, mbuzi mia nimezalisha, nyamaza," mpaka Kavata, katikati ya uchungu, akacheka kwamba yeye si mbuzi. Saa tisa na dakika kumi Ndinda akazaliwa mikononi mwa Deqa, na Kavata akaomba daftari aletewe kitandani, akamwandika namba 42.

Muthama, mfanyakazi wa zahanati, ambaye ndiye amesimamia kuchimbwa kwa kaburi hili, alichimba nyuma ya jengo shimo moja la kuzikia zalio, kondo la nyuma, na vitovu vyote viwili, akieleza kwamba ardhi ya hapa haichimbiki mara mbili kwa siku moja, na jua hili. Wiki ya pili maziwa ya Kavata yalipokatika, Deqa akamnyonyesha Ndinda pamoja na Ebla mwezi mzima, na kwa dini ya akina Deqa watoto walionyonya titi moja ni ndugu, hakuna mjadala, basi walilelewa hivyo, wakila nyumba hii na ile, Ebla akijua Kikamba cha matusi na cha sala, Ndinda akijua kuita kondoo kwa Kisomali, na hapa kijijini hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilianza Juni 1987, wasichana hawa wawili walipotimiza miaka kumi na minane wakaenda pamoja kuomba vitambulisho, wakapanga foleni pamoja, na kufikia saa sita Ndinda alikuwa amemaliza kila kitu na kurudi nyumbani kula, lakini Ebla aliambiwa alete karatasi za baba yake, akazileta, akaambiwa alete za babu, akasema babu alikuwa mchungaji wa mifugo na hakuwa na karatasi, akaambiwa basi asubiri. Aliposubiri miaka miwili, akifundisha watoto wenu darasa la pili bila cheti, serikali ikatangaza Novemba 1989 kwamba kila Msomali nchini atakaguliwa ijulikane nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Duale alikuwa ameshafariki. Deqa alikuwa na Ebla tu.

Ukaguzi wao ulifanywa Jumanne, tarehe 6 Februari 1990, katika ukumbi wa baraza, mbele ya ofisa aliyetoka mbali, chifu wetu, na wazee wawili wa Kisomali walioletwa kuthibitisha koo, na Kavata alikuwa amestaafu wiki tano zilizopita, lakini alivaa gauni lake jeupe la kazi akaenda, daftari la mwaka wa 1969 likiwa kwapani, aliloazima kwa wenzake wa zahanati. Ofisa alimwambia Ebla ataje babu zake, mmoja baada ya mwingine. Ebla alitaja sita, wa saba akamkwama, akashtuka, akashika mdomo, akasema, "Ngai!" kama ambavyo msichana yeyote wa Mwingi angesema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza, "Msomali gani huyu anamwita Mungu Ngai?" na ofisa akaandika kwamba anaficha ukoo wake.

Kavata alisimama. Alisema, "Bwana ofisa, kama si Msomali, mbona unamkagua? Na kama ni Msomali, mimi ndiye niliyemtoa tumboni, hatua mia tatu kutoka hicho kiti chako." Ofisa alimuuliza yeye ni wa ukoo gani wa Wasomali. Akasema yeye ni Mkamba wa Nuu. "Basi keti, mama, hii si kesi yako." Hakuketi. Alifungua daftari mezani pake, akamwambia asome namba 41, kisha asome namba 42, akasema, "Huyo wa pili ni wangu, mlimpa kitambulisho kabla ya chakula cha mchana. Mwandishi mmoja, kitanda kimoja. Ni wino upi hapo uliodanganya?" Ofisa akasema daftari mtu yeyote anaweza kuandika. Kavata akatoa kitambulisho chake, akamwonyesha ile tarehe mosi Januari, akasema, "Mimi sijui siku niliyozaliwa, nyinyi mlinibunia, na mkanipa. Huyu tunajua mpaka dakika." Muthama naye, kutoka nyuma kabisa, akapaza sauti kwamba yuko tayari kuonyesha shimo, na chifu akamjibu, "Muthama, unataka serikali ifukue zalio?" na watu wakacheka tena, cheko kubwa zaidi ya lile la kwanza. Hatusemi haya kumsengenya chifu, yuko hapa, anasikia, na anakumbuka. Wala hatumsemi peke yake, maana waliocheka tulikuwa wengi, na wengine wetu tuna matarumbeta ya mazishi mikononi leo.

Tarehe 23 Machi 1990, Ijumaa, saa sita mchana, lori lilisimama sokoni likachukua watu kumi na wanne waliokataliwa ukaguzini, ili wavushwe mpaka, Deqa akiwa na mkeka na chupa ya chai, Ebla akiwa na gauni lake la kufundishia, chaki bado iko kwenye mkono wa gauni, kwa sababu alitolewa darasani, watoto wa darasa la pili wakabaki na hesabu ubaoni. Kavata alikimbia kutoka nyumbani na khanga moja, akafika lori likiwa limeshawashwa, akashika ubao wa pembeni, akatembea nalo, kisha akakimbia nalo, na Deqa akamwambia kutoka juu, "Walaal, usilie mbele ya hawa. Mbuzi wangu wape maji." Aliwapa maji wiki sita, mpaka asubuhi moja alipokuta zizi liko wazi, na mbuzi wameenda kusikojulikana, ingawa wako wanaojua.

Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1990, Kavata alivaa tena lile gauni jeupe, akaenda afisi ya vitambulisho, akaweka kadi yake mezani. Karani, kijana mpole, mmoja wa wale elfu tatu na mia sita, alimuuliza, "Mwaitu, mama yangu, kimeharibika?" Akasema hapana. "Umeolewa tena, unabadilisha jina?" Akasema, "Na sura hii, nani?" Karani akacheka, akauliza basi anataka nini. Akasema, "Sitaki, ndiyo maana nakirudisha. Mlisema neno langu halitoshi kumfanya Ebla awe mtoto wa hapa. Neno lililomwandika Ebla ndilo lililomwandika Ndinda, na mkono ulioandika ni huu. Kama hautoshi kwake, hautoshi kwangu." Karani akamwambia, "Mama, hii si sahani ya jirani, hairudishwi," akamwonyesha fomu, nayo ilikuwa na sababu tatu tu, kimepotea, kimeharibika, kubadilisha maelezo. Hapakuwa na mahali pa kurudisha. Kavata akasema, "Andika pembeni." Karani hakuandika pembeni, hakuandika popote, alivuta droo ya pili akakitia humo, akisema atakuja kukichukua hasira zikiisha, na Kavata akatoka.

Hasira hazikuisha, kwa sababu hazikuwa hasira, na hapa ndipo wengi wetu tulipokosea. Tulidhani ni huzuni ya mama mzima aliyempoteza rafiki. Posta hawakumpa malipo ya kustaafu bila kitambulisho, akalima kunde na kuuza mayai. Wazee wa kanisa walimwita, wakamsomea ule mstari wa kutii wenye mamlaka, naye akawaambia, "Nimetii. Walisema asiye wa hapa asishike kitambulisho, nami sikishiki," wakamwondoa katika uongozi wa akina mama mpaka atakapotulia. Mbinya alikuja kutoka Malili akamlilia, "Mwaitu, unajiua kwa ajili ya nani? Ebla hatajua, serikali haitajua," na mama yake akamjibu kwa upole, huku akimenya viazi, "Mimi nitajua." Kivuva alitaka kuvunja droo. Na Ndinda, ambaye wakati huo alikuwa chuoni Nairobi akishinda mijadala ya haki na uhuru na kupigiwa makofi, alimwandikia barua ya kurasa tano kueleza kwamba kitendo cha mtu mmoja kisichoonekana na yeyote hakina maana ya kisiasa, na Kavata akamjibu kwa mstari mmoja, kwa mwandiko ule wa mviringo, kwamba amesoma, na anauliza kama Ndinda anakula vizuri.

Barua moja tu ilikuja kutoka kwa Ebla, ya tarehe 9 Novemba 1990, mkononi mwa mfanyabiashara wa ngamia, akisema mama yake ni mgonjwa, na kwamba huko walikopelekwa watoto wanamfuata njiani wakimcheka Kisomali chake, wanamwita Mkenya. Januari iliyofuata nchi ile ikawaka moto. Hatujapata neno tena. Kavata alikunja barua ile akaiweka ndani ya Biblia, pale kitambulisho kilipokuwa kikikaa.

Ugonjwa wake ulianza Februari 1992, damu ambayo haikupaswa kuwapo kwa mwanamke wa umri wake, na yeye kwa kuwa mkunga aliujua kabla ya daktari. Wenzake wa zamani wa zahanati walimwandikia haraka barua ya kwenda hospitali kubwa Nairobi, aonwe tarehe 19 Mei, naye akapitia kwa Mbinya Malili ili asindikizwe. Tarehe 18 Mei, Jumatatu, basi lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, kila mtu akatoa kitambulisho, Kavata akatoa barua ya hospitali. Polisi yule hakuwa mtu mbaya, na hilo familia inalisema kwa haki. Alisoma barua, akamwangalia alivyokonda, akamwinamia akamwambia polepole, "Mama, sema tu kitambulisho kimepotea, uende." Mbinya akamfinya mkono. Kavata akasema, "Hakijapotea. Nilikirudisha." Polisi akamwambia tena, safari hii kama mtu anayeomba, "Mama, maneno mawili tu." Akasema, "Hayo mawili ndiyo nisiyo nayo." Basi akashushwa, akalala selo siku mbili, na tarehe 19 Mei ikapita.

Juni, watu walipoandikishwa kupiga kura katika mwaka huu wa vyama vingi mlioungojea wote, alikwenda akasimama kando ya foleni, akaangalia, akarudi. Julai Kivuva alimpeleka Nairobi kwa lori, amejificha nyuma ya kiti kama magendo, na madaktari, ambao walimpokea bila kuuliza chochote, wakasema uvimbe umeshasambaa na kwamba angefika mwezi wa Mei pengine ingekuwa habari nyingine. Alirudishwa nyumbani. Ndinda aliacha masomo akaja kumuuguza, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1992, saa mbili na nusu, baada ya kuoshwa na kunywa vijiko viwili vya uji, Kavata alifungua macho akauliza, "Barua imekuja?" Ndinda akasema, "Bado, Mwaitu." Akafumba macho. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, wala hayana hekima yoyote ndani yake ya kuwapelekea watoto wenu, ni swali tu, na jibu lake ni bado.

Ukurasa wa kwanza ungeishia hapo. Lakini juzi, Alhamisi tarehe 3 Septemba, mwili ukiwa siku ya saba mochari, Ndinda alienda kuomba kibali cha mazishi, akaambiwa alete kitambulisho cha marehemu. Akasema mnacho. Karani yule yule mpole alivuta droo ya pili, akakitoa, kimefungwa kwa raba, sura ya mama yake ikiwa bado na ule mshangao wa mtu anayepigwa picha ya kwanza maishani, kisha akakirudisha chini ya karatasi. Alisema, "Dada, nikikitoa nitaulizwa kilifikaje hapa, na nina watoto." Akamsogezea fomu. Hapakuwa na mahali pa kurudisha. "Andika kitambulisho kimepotea, utie sahihi." Ndinda alibishana saa nzima. Alisema kila alichosoma. Alisema katiba, akasema haki za binadamu, akamwambia karani kwamba ukimya wake ni ushirika katika uonevu, na karani akamsikiliza mpaka mwisho, bila hasira, akamwambia, "Uko sawa kabisa, dada. Lakini hapa si chuo, na mwili hauna subira." Nje, Kivuva alikuwa amewasha lori.

Saa sita kasoro dakika ishirini Ndinda aliandika, kitambulisho kimepotea, akatia sahihi. Maneno ambayo mama yake alikataa kuyasema kwa miaka miwili na miezi mitano ikipungua siku sita, akayakataa posta, akayakataa kizuizini, akayakataa akiwa na uvimbe tumboni, binti aliyesomeshwa kwa mikono ile ile aliyaandika kwa sekunde nne, na ndiyo yaliyo kwenye karatasi iliyotuwezesha kukusanyika hapa. Mkiuliza kibali cha mazishi haya kimesimama juu ya nini, kimesimama juu ya uongo wa Ndinda.

Familia haitawaambia kwamba Kavata alishinda. Mmesema maneno mazuri tangu jana, kwamba amepanda mbegu, kwamba nuru haizimiki, tunawashukuru, lakini Ebla hakurudi, ofisa yule alipandishwa cheo, mbuzi wa Deqa wameliwa, na shimo nyuma ya zahanati limejengewa tangi la maji. Mkunga aliyejua dakika za watu elfu tatu alikufa kwa kukosa maneno mawili, na alipokufa tukayaandika kwa niaba yake. Hatuna mbegu ya kuwaonyesha. Tunacho hiki tu, kwamba alijua, na kuanzia leo mnajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nairobi waliompokea kama mtu, na wenzake wa zahanati waliomwazima daftari lao wakijua wanaweza kuulizwa, na majirani waliolima shamba lake msimu uliopita bila kuambiwa. Inamshukuru Muthama, ambaye ana miaka sabini na mitatu na amekataa vijana wamsaidie kumalizia kaburi. Inamshukuru polisi wa kizuizi, popote alipo, kwa kumwomba mara mbili. Inamshukuru hata karani, na inamwomba leo, mbele ya chifu wake, afungue droo ile Jumatatu asubuhi.

Na kabla ya mwili kushushwa, Ndinda binti ya Kavata, namba 42 ya mwaka wa 1969, anaondoa sahihi yake mbele yenu wote, akijua kwamba haiondoki, kwamba karatasi iko afisini na itakuwa huko sisi sote tukishakuwa udongo. Kitambulisho cha Rahel Kavata Muli, aliyezaliwa Nuu siku isiyojulikana, hakikupotea. Alikirudisha. Andikeni pembeni.

Mwaitu, barua bado. Pumzika, kwa amani ambayo hapa hatukuwa nayo ya kukupa.